Waya wa Kifalme

Nyaya zile zilikuwa zimening'inia kwenye ukuta wa duka la Mashauri tangu mvua za vuli, na hakuna mtu wa Maili Moja aliyejishughulisha hata kuziulizia. Zilikuwa nyaya za mtandao, zile za kuchomeka kwenye ruta upande mmoja na kwenye mashine upande wa pili, ila hizi zilikuwa zimevikwa nguo. Zilisukwa kwa uzi wa zambarau na wa rangi ya fedha, ncha zake zinang'aa kama meno ya dhahabu, na kila moja ilikuja na boksi lake lenye kitambaa laini ndani. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyemuuzia alimwapia kwamba wenye pesa zao hawasikilizi muziki nyumbani bila waya huo. Mashauri alimwamini kwa muda wa kunywa soda moja, akalipa. Alipofika Kibaha akili ilikuwa imemrudia, lakini mzigo ulikuwa umeshakuwa wake.

Maana kazi yake aliijua vizuri. Baba yake alikuwa anachunga ng'ombe Gwata na mpaka leo haelewi kijana wake anakula nini kwa kufunga spika, ila Mashauri alikuwa fundi, tena fundi wa kusifiwa. Alijua kwamba wimbo ukipita kwenye waya wa mtandao haupiti kama sauti. Unapita kama hesabu. Hesabu hizo ama zimefika zote, na wimbo unaimba, ama hazijafika, na wimbo unakatikakatika mpaka unanyamaza. Hakuna waya unaozifanya ziwe tamu zaidi. Waya wa bei chee uliokaa kwenye pipa chini ya kaunta na waya wa zambarau ukutani zilikuwa zinafikisha kitu kilekile, na yeye angeweza kukueleza hayo kwa dakika chache kama ungemuuliza siku ambayo hana mzigo wa kuuza.

Lakini mzigo alikuwa nao, na mke wake, Kwandu, kila akifagia duka alizitazama zile nyaya kisha anamtazama yeye. Basi asubuhi moja akazipiga picha, akazitia kwenye status ya simu yake na maneno haya: "Waya wa kifalme. Sauti yako imefungwa, njoo tuifungue." Aliona aibu kidogo alipoyasoma. Aibu hiyo ilikwisha kabla chai haijapoa.

Aliyekuja kunaswa hakuwa mtu wa Maili Moja. Alikuwa Mzee Mashaka wa Masaki, kule Kisarawe, mkulima wa mihogo na mikorosho, na mteja ambaye Mashauri alimpenda kuliko wote.

Walifahamiana mwaka uliotangulia, pale Said, mtoto wa mzee aliyeko Muscat, alipomtumia baba yake mashine za muziki na Mashauri akaitwa kwenda kuzifunga. Siku ile ya kwanza aliingia, akatoa shikamoo yake kwa adabu, mzee akaitikia marahaba, akamuuliza kwao wapi. Alipotaja Usukumani, Mzee Mashaka alipiga kofi gotini, akamwita binti yake.

"Lo! Kumbe nimeletewa mtwana wangu! Ashura, mfiche kuku, Msukuma huyu!"

"Mficheni tu," alisema Mashauri, "maana najua nyumba ya Mzaramo kuku ni mmoja, na huyo mmoja ameazimwa kwa ajili ya ngoma."

Wakacheka mpaka machozi. Wazaramo na Wasukuma ni watani, jambo hilo watoto wanazaliwa wamelikuta, na kwa watani hakuna tusi. Mtani anaweza kukwambia una sura mbaya mbele ya wakwe zako, anaweza kulala kwenye kaburi la baba yako akadai alipwe ndipo ainuke, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umevunja kitu kikubwa kuliko tusi lenyewe. Tangu siku ile mzee hakumwita Mashauri kwa jina wala kwa kazi yake. Alimwita mtani.

Na mashine zile hazikuwa za anasa. Mke wa Mzee Mashaka, marehemu Mwanaamina, alikuwa ndiye mwimbishaji wa nyimbo za kumtoa mwali kwa Masaki nzima na vitongoji vyake. Zamani, Said akiwa kijana, aliwahi kumrekodi mama yake kwenye kanda, maikrofoni moja mbele ya mama na nyingine mbele ya wanawake waliokuwa wakiitikia. Huko Muscat alizihamisha kanda hizo zote, akaziweka mtandaoni ili yeye, ndugu zake na baba yao wasikilize popote walipo. Kule Masaki mtandao unashika dirishani tu, kwa hiyo ruta ilikaa dirishani, na waya ukapita ukutani mpaka kwenye kasha dogo jeusi lililozivuta nyimbo na kuzipeleka kwenye amplifaya. Kila alasiri, baada ya kuswali, mzee aliketi kwenye kiti chake katikati ya spika mbili. Kwenye spika ya kushoto alikuwa mkewe. Kwenye spika ya kulia walikuwa waitikiaji. Alikaa hivyo mpaka kanda iishe, kisha anakwenda kutazama mihogo yake.

Ashura, binti yake aliyekuwa akikaa naye, ndiye aliyepiga simu.

"Kaka Mashauri, njoo umuone baba. Anasema mama anamkimbia."

"Anamkimbiaje?"

"Anasema mama amerudi nyuma. Juzi alikuwa anaimba mbele, leo yuko nyuma ya waitikiaji, jana kutwa hakumsikia vizuri. Ameona ule waya wako kwenye status, anasema uje nao."

Mashauri aliufungasha waya wa kifalme mmoja, akawasha pikipiki yake, akakata njia ya Kiluvya kwenda Kisarawe, na njiani alikuwa akipiga mluzi.

Alipofika alifanya kazi yake kama inavyotakiwa, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye, kwamba alianza vizuri. Alipeleka sikio lake kwenye spika ya kushoto, akamsikia Mwanaamina safi kabisa, sauti nene yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Akabadilisha nafasi za masanduku ya spika, lile la kushoto akalihamishia kulia na kulifunga kwenye waya wa kulia, na la kulia akalileta kushoto kwenye waya wa kushoto. Mzee akatikisa kichwa. Mama bado yuko mbali. Akakagua amplifaya, akakagua kasha jeusi, mwisho akaenda dirishani na kushika ncha ya ule waya wa bei chee, bila nia yoyote, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee aliyokuwa hajaigusa.

Wakati huohuo Mzee Mashaka, pale kitini, aligeuka kumwita Ashura alete maji. Aligeuka mzimamzima, akazipa spika mgongo.

"Hapo! Hapo hapo!" mzee alipiga kelele. "Amerudi! Mtani, umegusa nini?"

Akageuka tena mbele kwa furaha, kisha akanywea. "Ah. Ameondoka tena. Ni huo waya! Ulipoushika alikuja!"

Mashauri alisimama dirishani, waya mkononi. Alikuwa ameona. Mzee alipogeuka, sikio lake la kulia ndilo lililoelekea kwenye spika ya kushoto. Waya haukuwa na kosa, spika haikuwa na kosa, mama wa watu hakuwa amekimbia kokote. Sikio la kushoto la Mzee Mashaka ndilo lililokuwa limezimika, tena ghafla, kwa siku mbili tatu. Alilijua hilo wakati ule ule, kama anavyojua fyuzi iliyoungua kwa harufu yake.

Na alisema. Hapo ndipo penye utata wa jambo hili. Mashauri alisema.

"Mzee, waya hauna kosa. Sikio lako la kushoto limekufa. Nenda hospitali wakalikate walitupe, maana Mzaramo sikio la kushoto halina kazi, hata la kulia mnalitumia kusikia ngoma tu."

Maneno yote yalikuwa ya kweli isipokuwa mkia, lakini aliyatoa kwa ile sauti, sauti ya utani, yenye kichwa kimeinamishwa upande na jicho moja limefinywa. Mzee Mashaka alicheka mpaka akakohoa. Ashura alicheka mlangoni na kikombe cha maji mkononi.

"Unamsikia mtwana huyu?" alisema mzee. "Msukuma akiishiwa ng'ombe wa kuuza anauza masikio ya watu! Funga waya, bwana, acha maneno."

Mashauri naye akacheka. Kulikuwa na kimya kidogo baada ya kicheko, kimya cha kutosha mtu kukohoa na kusema, "Mzee, hapo sitanii." Kimya kikapita. Akafungua boksi, akautoa waya wa kifalme, na Ashura akasema ni mzuri kama mkufu. Akauchomeka. Kisha, akiwa amempa mzee mgongo, akakisogeza kile kitufe cha amplifaya kinachogawa sauti kushoto na kulia. Akakisogeza kuelekea kushoto, si kidogo.

Mwanaamina akajaa chumbani.

Mzee Mashaka hakupiga kelele safari hii. Alishika mikono ya kiti, na machozi yakateremka yakaingia kwenye ndevu zake nyeupe. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyo." Mashauri alipoaga alipewa mfuko wa korosho zilizobanguliwa, na mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Njiani hakupiga mluzi. Alipofika Kiluvya alikuwa ameshajitetea mara nyingi. Si nilimwambia? Nilimwambia kwa kinywa changu, mbele ya binti yake. Kama mtu mzima anaambiwa aende hospitali anacheka, kosa la nani? Alipofika Maili Moja utetezi ulikuwa umekamilika, hauna hata tundu, na bado roho ilikuwa inamsuta.

Mungu naye ana namna zake za kumbana mtu. Waya wa kifalme, uliokuwa umekosa soko muda wote ule, sasa ukapata mpiga debe. Mzee Mashaka alimsimulia kila aliyepita uani kwake, kwamba amepewa waya uliomrudisha mkewe. Watu wakaanza kupiga simu kutoka Masaki, kutoka Kisarawe mjini, mwalimu mmoja akaja mwenyewe mpaka dukani na akaondoka nao akiwa amelikumbatia boksi lake. Ukuta ukabaki na misumari. Kwandu akamwomba Mungu amzidishie mumewe, akamwambia aende akachukue mzigo mwingine. Mashauri akasema hataki biashara hiyo tena.

"Kwa nini?" Kwandu aliuliza. "Si zinauzika?"

"Zinauzika."

"Sasa?"

Akaanza kuing'oa ile misumari ukutani. Zile korosho zilikaa kwenye rafu, na kila Kwandu alipompa alisema ameshiba.

Nafasi ya kujirekebisha aliipata, na hapa hakuna wa kumtetea. Siku moja mzee alipiga simu kumsalimia tu. Katikati ya maongezi akasema, "Siku hizi naweka simu sikio la kulia, mtani. La kushoto limejaa nyenje, wanalia kutwa." Mashauri alikuwa ameshika pasi ya kulehemu. Aliiweka chini. Neno lilimfika kooni, zito, lote. Akasikia kinywa chake kikisema, "Uzee huo, mtani. Wazaramo mnazeeka mapema kwa kukesha ngomani." Mzee akacheka upande wa pili wa simu, na Mashauri akacheka naye.

Ashura alitokea dukani mchana mmoja, amejitanda kanga, bahasha ya hospitali kwapani. Mashauri alipomuona tu akajua. Alimpa kiti. Kwandu akamletea maji.

"Natoka hospitali na baba," alisema Ashura. "Nimemwacha kwa ndugu yetu hapa juu amepumzika. Alianguka kwa kizunguzungu shambani, na wiki iliyopita bodaboda ilitaka kumgonga, ilipiga honi kushotoni kwake wala hakushtuka. Daktari amempima. Sikio la kushoto halipo tena, kaka. Mshipa wake umekufa."

"Pole sana," alisema Kwandu.

"Daktari anasema hili gonjwa linakuja ghafla. Mtu akiwahi siku za mwanzo kuna dawa, wengine wanapona kabisa. Sisi tumechelewa." Alifungua bahasha, akaifunga. "Ila sijaja kwa hilo. Daktari anataka kujua lilianza lini hasa, na baba hakumbuki, anabisha tu. Nikakumbuka siku uliyokuja kufunga waya ndiyo alikuwa analalamika. Wewe ungekumbuka ilikuwa lini, maana unawaandikia watu risiti."

Hakukuwa na lawama yoyote kwenye uso wa Ashura. Alikuwa ameuliza kama mtu anavyouliza njia. Mashauri akamtajia tarehe bila kutazama popote, kwa sababu hakukuwa na siku aliyoikumbuka kuliko ile. Ashura akaiandika kwenye simu, akashukuru.

"Kuna jingine," alisema. "Presha yake iko juu na sikio la kulia nalo limeanza dalili. Ametakiwa arudi kesho kuanza dawa, asipofanya hivyo litafuata lile. Hataki. Anasema huyo daktari ni kijana wa kumulika watu masikioni kwa tochi, ila mtani wake alishalitambua tatizo, ni waya. Waya umechoka, anataka ule wa juu yake. Anasema mpaka mtani aje aseme. Leo jioni narudi naye Masaki. Nakuomba kesho asubuhi uje, kaka Mashauri. Wewe ndiye anayekusikiliza."

Ashura alipoondoka, Kwandu alimgeukia mumewe.

"Ulijua," alisema.

Mashauri akainama, akaanza kupanga nyaya zilizokwisha pangwa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda. Alichukua ule waya wa bei chee kwenye pipa, akautia mfukoni, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, akayapanga tena, kila mara yakianza na "mzee" na kuishia pabaya. Alitamani pikipiki iharibike. Haikuharibika.

Mzee Mashaka alikuwa kwenye kiti chake katikati ya spika. Alikuwa amekonda. Kitufe cha amplifaya kilikuwa kimesukumwa kushoto mpaka mwisho, wamekisukuma wenyewe, na waitikiaji walikuwa hawasikiki tena kabisa, Mwanaamina anaimba peke yake kama aliyeachwa na wenzake. Mashauri akatoa shikamoo. Hakujibiwa. Akazunguka upande wa kulia, akaitoa tena.

"Marahaba! Mtani umekuja! Umeniletea ule wa juu? Au mmeshautumia kufungia ndama?"

"Sikuleta waya, mzee. Nimekuja kusema. Daktari amesema kweli. Ni sikio."

"Ha! Ameanza!" Mzee alimgeukia Ashura, tayari anatabasamu. "Bado anataka kuliuza sikio langu!"

"Mzee, sitanii."

"Msukuma asipotania ana njaa. Ashura, mpe muhogo."

Ashura hakucheka. Mashauri naye hakucheka, na alihisi ugumu wa jambo hilo mwilini, mdomo wake ulivyozoea kupanda wenyewe mbele ya mzee huyu na sasa anauzuia. Mtani anayenuna. Akapiga magoti kwenye zulia mbele ya mashine. Akauchomoa waya wa kifalme uliotoka kwenye ruta mpaka kwenye kasha jeusi, akauweka pembeni. Akachomeka ule wa bei chee, mweusi, uliokunjamana. Akarudisha kitufe katikati. Akaipiga kanda ileile.

"Sikiliza, mzee. Huu ni waya wa pipani. Nikuwekee tena ule wa zambarau usikilize?" Akauweka. Akautoa. Akauweka. Mwanaamina alikuwa palepale, mbali, nyuma ya wenzake. Tabasamu la mzee likaanza kupungua, si kwa hasira, bali kwa kuchanganyikiwa, kama mtu anayeingia chumba chake na kukuta kitanda kimehamishwa.

Kisha Mashauri akaingiza mkono nyuma ya amplifaya. Pale palikuwa na plagi mbili zinazotoka kwenye kasha jeusi, nyekundu na nyeupe. Akazichomoa, akazibadilisha nafasi, nyeupe pa nyekundu na nyekundu pa nyeupe. Hiyo tu.

Mwanaamina akaja kulia. Alikuja karibu kabisa na sikio zima la mumewe, na ile sauti nene na mkwaruzo wake wa mwishoni, na waitikiaji wakawa nyuma yake mahali pao. Mzee Mashaka alishtuka. Akainua mkono kama anayetaka kumshika mtu, akauacha hewani.

Walisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Ashura alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Kumbe hivi," alisema mzee taratibu. "Siku ile ungeweza kufanya hivi?"

"Ningeweza."

"Kwa waya uleule wa mwanzo?"

"Uleule. Waya haubadilishi sauti, mzee. Haukubadilisha siku ile. Nilikisogeza kitufe ulipokuwa hunioni."

"Na sikio. Ulijua?"

"Nilijua ulipogeuka kuomba maji."

Mzee alitikisa kichwa polepole, anaitafuta siku ile, na Mashauri akamuona anaipata. "Lakini ulisema," alisema mzee, na kulikuwa na huruma kwenye sauti, alikuwa anamtafutia mlango wa kutokea. "Ulisema sikio limekufa, niende hospitali. Mimi ndiye niliyecheka. Ashura, si alisema?"

Ashura akaitikia kwamba alisema.

Mlango ule ulikuwa wazi. Mashauri alikuwa amekaa nao mwenyewe tangu Kiluvya ya siku ile, akiutengeneza, akiupaka rangi. Sasa mwenye nyumba mwenyewe alikuwa anamfungulia, na alitaka kupita, Mungu anajua jinsi alivyotaka.

"Nilisema ili ucheke," alisema. "Nilijua nikisema hivyo hutasadiki. Nilitaka niwe nimesema, na waya niuuze."

Kuku waliparua uani.

"Ashura," alisema Mzee Mashaka, "nitolee kanzu. Twende huko hospitali."

Ashura akaingia ndani mbio. Mashauri alibaki amepiga magoti, anangoja. Alingoja tusi. Katika utani kosa lina dawa, mtani anakutoza, anadai ng'ombe dume, anadai mkeo, anakufunga kamba mbele ya watu mpaka ndugu zako waje na kuku wa kukukomboa, kisha mnacheka na mnakula. Hakutozwa chochote.

"Nitoze, mtani," alisema. "Nitoze ng'ombe. Baba anao, Gwata."

Mzee aliinama, akaokota waya wa kifalme pale chini, akaukunja vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, akaurudisha kwenye boksi lake, akalifunika. Akamkabidhi.

"Asante kwa kazi, fundi," alisema. "Chukua waya wako, usije ukausahau."

Fundi. Mwaka mzima na zaidi hakuwahi kumwita hivyo. Mashauri alilipokea boksi kwa mikono miwili, akainuka, magoti yanamuuma. Mzee alikuwa ameshageuza uso kwenye spika ya kulia, ametega sikio, anasubiri wimbo unaofuata. Mashauri alikwenda mpaka mlangoni. Pale, akiwa na mkono kwenye kizingiti, alisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mzee."

Hakuna aliyejibu. Wimbo ulikuwa umeanza. Akasubiri kidogo, akatazama ile kofia, ile shingo iliyokonda, na ndipo alipoona alikosimama. Alikuwa amesimama kushoto. Kwa akili yake timamu, akijua anachojua kuliko mtu mwingine yeyote, alikuwa amekwenda kuomba msamaha kwenye sikio lililokufa, ili awe amesema.

Akarudi. Alipita mbele ya spika, akakizunguka kiti, akaja mpaka kulia, akachuchumaa pale ambapo Mwanaamina alikuwa akiimba, karibu mpaka akainusa sabuni ya mzee.

"Nisamehe, mzee," alisema, kwa sauti ya kusikika.

Mzee Mashaka hakumtazama. Alisubiri mkewe amalize ubeti.

"Nimesikia, fundi," alisema.